Maili Iliyozidi

Mwaka jana shule moja hapa Nakuru ilinialika niwe mgeni wa heshima siku ya michezo, kwa sababu mabati ya madarasa yao matatu nimeyatoa mimi. Nikakalishwa mbele, kwenye kile kiti chenye kitambaa. Wasichana wakakimbia, wakakimbia vizuri, siwanyimi sifa. Halafu mwalimu wa michezo, kijana mwenye filimbi shingoni, akashika kipaza sauti akasema kwamba enzi za mkoloni hakuna Mwafrika wa bonde hili aliyewahi kukimbia maili chini ya dakika nne na nusu. Ukuta huo, alisema, ulivunjwa baada ya Uhuru. Kisha akanigeukia akicheka: "Si ndiyo, mzee? Enzi zenu mlikimbia kufukuza ng'ombe tu!"

Watu wakacheka. Mimi nikasimama, nikachukua kofia yangu, nikaondoka. Zawadi zikagawiwa na mwenyekiti wa wazazi. Mke wangu aliniambia nimefanya utoto. Sawa, ni utoto. Lakini kuna uongo mtu anaweza kuumeza na kuna mwingine unakwama kooni, na huu umenikwama tangu nikiwa na miaka ishirini.

Mimi sikusoma. Darasa la pili nililipitia kama mtu anayepita kwa jirani kuomba moto. Lakini nina mashine tatu za kusaga unga, moja Rhonda, moja Kabazi, moja njia ya kwenda Subukia, na lori zangu hata polisi wa barabarani wanazijua kwa mlio. Hakuna aliyenishika mkono. Binti yangu, ambaye ni mwalimu, amenisahihishia herufi katika haya maandishi, na alipotaka kupunguza maneno makali nikamnyang'anya daftari. Makali ni yangu. Nimeyafanyia kazi.

Basi sikilizeni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na sisi tulikuwa kwenye shamba la mzungu mmoja juu ya Kabazi. Pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, na ngano. Mimi nilikuwa tarishi. Bwana akitaka kumwambia jirani yake jambo, anaandika barua, naibana kwenye kijiti kilichopasuliwa, halafu nakimbia nayo. Alikuwa na farasi wawili, lakini farasi alihitaji kutandikwa na kunyweshwa, na kwenye ule mteremko wa mawe alikuwa anachagua pa kukanyaga kama bibi harusi. Mimi sikuchagua. Mashamba matatu kabla ya chakula cha mchana, kwenda na kurudi. Hakuna aliyekuwa ananifikia, na nasema hivi bila kupepesa macho.

Baba yangu alikuwa kwenye kundi la kupalilia pareto. Kazi yao ilipimwa kwa cheni. Hiyo cheni ilikuwa ya chuma, pete kwa pete, ndefu kama futi sitini na sita, na Bwana alikuja nayo kabla mimi sijazaliwa. Kila asubuhi watu wawili wanaivuta, mmoja huku, mmoja kule, na nyapara anapigilia vigingi. Cheni moja urefu, cheni moja upana: hicho ndicho kipande chako cha siku. Ukimaliza, nenda nyumbani. Usipomaliza, siku hiyo haihesabiwi, ni kama hukuamka. Mashamba ya jirani watu walimaliza jua likiwa bado lina nguvu. Kwetu walimaliza kiza kikiingia. Nyapara alikuwa anawaambia, "Wale wana udongo laini. Nyinyi mna udongo wa mawe na midomo mirefu." Na baba alikuwa akifika nyumbani anakaa kwenye kigogo, anaangalia viganja vyake, anamwambia mama, "Mikono imezeeka."

Sasa, mwaka ule redio ya Bwana ikasema kule Uingereza kuna mtu amekimbia maili moja chini ya dakika nne. Bwana alitoka barazani na kikombe mkononi akiita watu wote kama nyumba inaungua. Tukakusanyika. Karani akatufafanulia: madaktari walikuwa wamesema haiwezekani, moyo utapasuka, na huyu amefanya na moyo wake uko salama. Mwanamke mmoja wa pareto akauliza, "Alikuwa anafukuzwa na nani?" Karani akasema hakuna. "Basi ni mwendawazimu," akasema yule mama, na tukarudi kazini.

Lakini mimi nilibaki na hilo neno. Lilinikaa kichwani.

Kwa maana sisi pia tulikuwa na ukuta wetu. Kwenye klabu ya wazungu kulikuwa na ubao wa mbao uliopigwa msasa, na juu yake yaliandikwa majina ya wenye kasi wa sehemu zetu. Aliyeongoza maili alikuwa mtoto wa jirani yetu wa bonde la chini, kijana aliyesoma Ulaya. Dakika nne na sekunde thelathini na mbili. Wazungu walikuwa wanasema kwa huu mwinuko wetu na hewa yetu nyepesi, nne na nusu haipitiki. Na kuhusu sisi walisema jambo lingine, nililisikia kwa masikio yangu nikiwa nimesimama na kijiti changu nikingoja majibu: Mwafrika anaanza kama swala na kumaliza kama kobe, kwa sababu hana akili ya kugawa nguvu. Mimi niliyegawa nguvu kila siku, mlima na mteremko, barua mkononi!

Bwana, kwa vile redio ilikuwa imempanda kichwani, akatangaza michezo ya mashamba matatu. Akasema mbele ya watu, kwa kile Kiswahili chao, "Mtu yangu kimbia chini ya nne na nusu, mimi andika jina yake kwa ubao. Na mimi peleka yeye Nakuru na lori yangu, kimbia na askari, kimbia na watu ya reli. Neno yangu." Akajipiga kifua.

Nakuru! Kule ndiko walikokuwa wakichaguliwa watu wa kukimbia kwa niaba ya nchi. Nikaanza kuota nikiwa macho.

Uwanja ulikuwa malisho ya maksai. Nyapara akaupima kwa cheni ya shamba, cheni ishirini kwa mzunguko, mizunguko minne ndiyo maili. Nilimwona kwa macho yangu akihesabu kwa sauti na kupigilia vigingi, na juu ya kila kigingi akafunga kitambaa cha gunia la unga. Wakaja wazungu na viti vyao. Tukawa wakimbiaji sita, wawili kila shamba, miguu mitupu wote. Wa kuogopwa alikuwa mbeba krimu wa yule jirani wa bonde la chini, jamaa mwenye mapaja kama milingoti, ambaye kila alfajiri alikuwa anapanda mlima na kopo la krimu begani.

Saa zilikuwa mbili, za kubonyeza: moja ya Bwana, moja ya jirani. Hili mlikumbuke.

Mzunguko wa kwanza nikawaacha waende. Wanawake wa pareto wakanipigia kelele, "Tarishi! Barua imechelewa!" "Ameanguka na kijiti!" Nikawaacha waseme. Wa pili nikasogea. Wa tatu, pale wanaposema Mwafrika anakuwa kobe, nikampita mbeba krimu kwenye kona ya chini, na nilipompita nikasikia pumzi yake, nikajua amekwisha. Kipande cha reli kikagongwa, mzunguko wa mwisho. Hapo sikuwa na mtu wa kumfukuza. Nilikuwa peke yangu na ule ukuta. Kwenye kona ya mwisho alisimama baba yangu. Hakupiga kelele kama wengine. Akasema tu, kama mtu anayenionyesha njia, "Bado kidogo, baba."

Nikamaliza. Nikaanguka kwenye nyasi, mdomo umejaa ladha ya chuma. Bwana akaangalia saa yake, jirani akaangalia yake. Zikalingana. Dakika nne na sekunde ishirini na tisa.

Niacheni niseme kidogo hapa, kwa sababu vijana hawaelewi. Wanadhani muda ni namba, na namba ikipitwa imekufa. Yule mwalimu ataniambia leo watu wanakimbia chini ya hapo wakizungumza. Ndiyo! Na boma likishabomolewa kila mbuzi anapita, lakini mwanzoni mbuzi wote walikuwa wamelala nje ya boma wakiamini halina mlango. Kabla ya siku ile, mbeba krimu mwenyewe alikuwa anaamini moyo utapasuka. Kiangazi kilichofuata yeye akapita nne na nusu, na wengine wawili wa mashamba ya Subukia wakapita. Walipoulizwa wamewezaje, walisema, "Yule tarishi wa Kabazi si alipita na hakufa?" Hawakuwa wamepata mapafu mapya, walikuwa wamepata habari. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa kwanza, na ndiyo maana nikisikia ameandikwa mtu mwingine damu yangu inachemka.

Turudi uwanjani. Jirani alikuwa amekunja uso. Akasema, na karani akatutafsiria maneno yake, kwamba saa haina shida, basi shida ni uwanja. Uwanja mfupi. Nyapara wa kienyeji hajui kupima.

Bwana akawa mwekundu. "Fupi? Uwanja yangu fupi? Ita fundi!"

Fundi alikuwa Kalasinga aliyekuwa akitujengea nyumba ya kukaushia pareto, mzee mwenye kilemba cha buluu na tepu ya chuma ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Alikuja akiwa amekasirika kwa kuachishwa kazi. "Napima mara moja," akasema. "Mara mbili ni kwa watu wenye tepu mbaya."

Akapima mzunguko kutoka kigingi hadi kigingi, sisi sote nyuma yake kama watu wanaofuata jeneza. Akafika mwisho. Akaandika kwenye ubao wake mdogo. Akakuna ndevu.

"Bwana, hapana fupi. Ndefu. Futi ishirini imezidi kwa mzunguko."

Oho! Bwana akarusha kofia yake juu. Futi ishirini mara nne ni futi themanini! Tarishi wake hakukimbia maili tu, amekimbia maili na ziada! Akampiga jirani mgongoni mpaka chai ikamwagika. "Ndefu! Sikia? Ndefu!" Akanishika mkono akaniinua juu kama jogoo aliyeshinda. Katika maisha yangu nimefurahi mara nyingi, lakini ile ilikuwa furaha ya namna yake, na ilidumu kwa muda wa mtu kunywa maji kikombe kimoja.

Kwa sababu fundi hakunyamaza. Mtu wa kazi akiona kosa hulala vibaya. Akaiita cheni, akailaza chini, akalaza tepu ubavuni mwake. "Ona. Cheni ishirini, futi ishirini. Kila cheni futi moja imezidi. Pete imelika, imelegea. Hii cheni mzee kuliko mimi."

Halafu nikasikia sauti ya baba yangu, mtu ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akisema neno mbele ya mzungu bila kuulizwa.

"Bwana, samahani. Cheni hii si ndiyo ya pareto?"

Nyapara akaangalia viatu vyake.

"Basi na kipande chetu kimezidi," baba akasema. "Futi moja huku, futi moja kule. Kila siku." Akaangalia viganja vyake. "Na mimi nilidhani ni mikono imezeeka."

Mwanamke mmoja akapiga makofi: "Kumbe si mgongo wangu!" Mwingine, "Kumbe si udongo wa mawe!" "Nyapara, uko wapi na udongo wako laini?" Wakacheka, kile kicheko chenye meno, na yule jirani wa bonde la chini akaanza kucheka pia, kwa raha zake. Bwana akauachia mkono wangu. Nakumbuka vizuri alivyouachia, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Akasema tepu ndiyo mbaya. Imekatika ncha, imekuwa fupi.

Fundi akasimama wima. "Bwana, kwa tepu hii nimejenga nyumba nane huku. Mlango gani umekataa kufunga? Sema mlango gani."

Bwana akaokota kofia yake. Akasema michezo imekwisha.

Kesho yake asubuhi baba na wenzake walisimama kwenye mistari ya pareto, majembe wameyalaza chini. Hawakupiga kelele. Walisema tu wapimiwe kwa tepu ya fundi. Mimi nikaitwa ofisini. Bwana alikuwa amekaa, karani amesimama na karatasi. Akanisomea: kwamba mimi, tarishi wa shamba hili, nakubali uwanja ulikuwa mfupi, nyapara alikosea vigingi, na muda wangu hauhesabiki.

"Lakini fundi alisema mrefu," nikamwambia karani.

"Kijana," akasema kwa sauti ya chini, "usiniletee mimi maneno ya fundi. Hujui kinachotakiwa?"

Nilijua. Uwanja ukiwa mrefu, cheni imezidi. Cheni ikizidi, baba yangu na watu wote wale wamelima bure miaka yote ile. Kwa hiyo uwanja ulitakiwa uwe mfupi. Na kukamilisha uongo huo walihitaji kidole changu, kidole cha mtu aliyeukimbia.

Bwana akasema, taratibu, wala si kwa ukali, "Wewe weka kidole, Jumamosi lori kwenda Nakuru. Wewe kimbia huko, kipimo mpya, saa mpya. Kama wewe mzuri, wewe vunja tena. Shida wapi?"

Mniulize kama nilisita. Nilisita. Mtu anayejisifu kama mimi ni lazima aseme na hili. Nakuru ilikuwa pale, mbele yangu, kwenye kile kidau cha wino. Nilijua nitavunja tena. Nilijua! Ningeweza kuvunja Jumamosi na Jumatatu. Gumba langu lilikuwa limeshagusa wino. Kupitia dirishani nilikuwa naona kundi la pareto, na baba yangu mwishoni, mikono nyuma.

Na nikajiuliza: nikikimbia Nakuru nikivunja, nitakuwa nimevunja nini? Watasema wa kwanza alidanganya uwanja, sasa ndiyo amekimbia kweli. Na wale kule nje watachukua majembe yao, kwa sababu hata mtoto wa mwenzao amekubali.

Nikamwambia karani, "Mwambie Bwana aandike dakika nne na sekunde ishirini na tisa. Aandike na futi themanini zilizozidi. Akishaandika, nitamwekea vidole vyote kumi, na vya miguu akitaka."

Karani hakutafsiri. Hakukuwa na haja, Bwana alikuwa amesikia.

Nilifukuzwa siku hiyo hiyo kwa kukosa adabu, bila barua ya kunisifu, na wakati ule kutembea bila barua ilikuwa kazi. Nikashuka Nakuru kwa miguu. Sikukimbia Nakuru. Nani angenipeleka uwanjani, mtu asiye na bwana wala timu? Nilibeba magunia kwenye kinu cha Mhindi mmoja, nikajifunza mawe ya kusaga yanavyonolewa, na mengine mnayajua, mnaniona nikipita. Miguu ile ile. Lakini kasi ya kijana haingoji, na kufikia wakati nina nafasi, haikuwepo.

Mwaka uliofuata nikapanda Kabazi kuwaona wazazi. Nikafika jua likiwa juu bado, nikamkuta baba ameketi nje anakula viazi. Nikaogopa. "Unaumwa?" Akasema, "Nimemaliza." Akanionyesha kwa kidevu. Kwenye ukuta wa stoo ilining'inia cheni mpya, inameta, bado ina mafuta ya dukani. Ililetwa bila maneno, wiki tatu baada ya mimi kufukuzwa. Asubuhi moja nyapara alikuja nayo tu, akapima, na kipande kikawa kidogo. Hakuna aliyeambiwa kwa nini. Ile ya zamani ilipotelea wapi, hakuna anayejua.

Mtu mwingine angefurahi akaishia hapo. Mimi nilikasirika upya, zaidi ya mwanzo. Nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye gereji, nikamkuta Bwana amesimama kando ya gari lake.

"Bwana, hujambo. Umenunua cheni mpya."

Akanitazama. Alinikumbuka. "Ndiyo. Ile zamani kwisha."

"Iliisha lini, Bwana? Kabla sijakimbia, au baada?"

Akafungua mlango wa gari, akaufunga tena. "Wewe kimbia mzuri sana ile siku," akasema.

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza cheni iliisha lini. Kama ni kabla, niandike kwenye ubao. Kama siku ile ilikuwa bado nzima, mrudishie baba yangu cheni ya zamani alimie."

Akaingia garini, akawasha, akashuka barabara ya klabu, na mimi nikabaki nimesimama kwenye vumbi lake. Shambani walikubali nilichokimbia, wakakikubali kila asubuhi kwa vigingi vya cheni mpya, mbele ya kila mtu, na ubaoni wakaacha jina la mtoto wa jirani na sekunde zake thelathini na mbili. Baba aliniita nikale viazi. Nikamwambia aendelee, nakuja.